Kutuni Gari ya Turbo Ukiwa Mbeya: Rudisha Nguvu Bila Kuua Injini

Kila wiki maswali ni yale yale. "Kaka, Forester yangu Dar ilikuwa inaruka, nimehamia Mbeya imekuwa mzigo, niongeze presha?" "Fundi, koki ya presha bei gani?" "Nikibadilisha sailensa napata farasi ngapi?" Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp za dakika nne nne. Nimeandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Naongelea kutuni, yaani kurekebisha presha ya turbo na programu ya injini, kwa gari unayoitegemea: inapeleka watoto shule asubuhi, Jumamosi inakwenda shamba Igurusi, na mara mbili kwa mwaka inashuka Dar na familia nzima ndani. Mashindano si habari yangu. Mfano wangu ni Subaru Forester SG5 yenye injini ya EJ205, kwa sababu mjini zimejaa na ndiyo ninayoendesha. Kama una Legacy GT, Caldina GT-T au Mark II yenye 1JZ-GTE, mpangilio wa kazi ni huu huu, namba tu ndizo zitabadilika.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kushika spana

Hewa ya huku ni nyepesi. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa inasoma kPa 82 au 83. Dar ni 101. Njombe ni pungufu hata kuliko kwetu, karibu 80. Ukishuka Kyela inarudi 95 hivi. Injini isiyo na turbo ikipanda huku inaacha karibu moja ya tano ya nguvu yake njiani, basi. Turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, inaweza kufidia, ila haifidii bure: ili kupeleka hewa ile ile ndani ya silinda lazima izunguke kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi.

Sasa tatizo la geji. Geji ya turbo inayouzwa madukani inasoma tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje. Ikisoma bar 0.8 Dar (bar 1 ni kPa 100), ndani kuna 101 + 80 = kPa 181. Ikisoma bar 0.8 hiyo hiyo Mbeya, ndani kuna 82 + 80 = kPa 162. Mshale umesimama palepale, hewa ni mbili tofauti. Hiyo jumla ndiyo naiita presha kamili, na kuanzia hapa nikisema presha ya turbo kwa kPa bila kutaja geji, namaanisha hiyo.

Kwa hiyo lengo letu ni dogo kuliko unavyodhani: Forester iliyotoka kiwandani na farasi 220 iwe na farasi hizo, au karibu na hizo, ikiwa Mbeya. Unarudisha kilichochukuliwa na mwinuko. Anayekuahidi 300 kwa turbo ile ile na pistoni zile zile, muulize kama na kushusha injini kumo kwenye bei yake.

Unachohitaji

- Kipimo cha kompresheni na, ukiweza kuazima, cha kupima uvujaji wa silinda.
- Compressor ya kujazia upepo na kifuniko cha kupimia uvujaji (nitakuonyesha kukitengeneza).
- Geji ya presha ya mafuta.
- Sensa ya waidibendi ya kusoma uwiano wa hewa na mafuta. Hapa usibane. Sensa ya kiwandani haifai kwa kazi hii.
- Laptopu yenye betri nzima, na waya wa kuunganisha na kontrolboksi (kompyuta ya injini). Kwa Subaru watu wengi hutumia Tactrix OpenPort 2.0 pamoja na programu za RomRaider na EcuFlash.
- Chaja ya betri ya gari.
- Plagi mpya, oili, filta zote, maji ya rejeta.
- Mtu wa pili wa kuangalia laptopu. Huwezi kuendesha na kusoma namba kwa wakati mmoja, hata kama unajiona hodari.

Kama katika orodha hii huna waidibendi na huna njia ya kurekodi namba za kontrolboksi, fanya hatua ya 1 hadi ya 4 halafu ishie hapo. Hatua hizo nne peke yake zimewarudishia watu nguvu waliyodhani imeondoka na mwinuko.

Hatua ya 1: Hakikisha injini ni nzima

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, betri imejaa. Andika namba za silinda zote nne.

Tahadhari, na hii nimeona ikiwatia watu hasara: namba za kwenye kitabu ni za usawa wa bahari. Silinda ambayo pwani ingesoma bar 11, Mbeya itasoma karibu 9 ikiwa nzima kabisa. Fundi akichukua 9 akalinganisha na kitabu, anakuambia ringi zimekwisha, injini ishuke. Kabla hujakubali, angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa zimekaribiana ndani ya asilimia 10, shukuru na endelea. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hapo una kazi nyingine kabla ya kuota farasi.

Vakyumu nayo ni hivyo hivyo. Injini nzima ambayo pwani ikiunguruma taratibu inasoma inchi 20, huku itasoma 14 au 15. Haivuji. Ni mlima.

Angalia na vitu vya kawaida: maji ya rejeta yana oili juu? Kuna mapovu kwenye tangi la akiba ukiunguruma? Ukiwasha asubuhi kunasikika kugonga kizito kutoka chini ya injini? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, funga boneti.

Hatua ya 2: Huduma kamili

Oili safi ya sintetiki 5W-40, na kuanzia leo unabadilisha kila kilometa 5,000, si "ikiwa nyeusi". Subaru za turbo hupenda kunywa oili kidogo; pima kila unapojaza mafuta sheli.

Plagi mpya za joto sahihi kwa injini yako, pengo milimita 0.7 hadi 0.75. Pengo kubwa ndilo linalofanya gari imisi (silinda ikose kuwaka) ukikanyaga, halafu watu wananunua koili nne bure.

Taimingi belti kama hujui ilibadilishwa lini, badilisha. Kile kibandiko cha Kijapani kilichobandikwa chini ya boneti kinaweza kukuambia, kama wauza magari hawakukibandua.

Kwenye injini hizi zenye AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka), angalia pia bolti ya paipu ya oili inayokwenda kwenye turbo. Baadhi zina kichujio kidogo ndani yake, kidogo kama cha chai ya mtoto. Kikiziba, turbo inakosa oili na kufa huku ukilaumu turbo za mtumba. Kitoe, kisafishe au weka kipya.

Hatua ya 3: Upoozaji na breki

Watu wa tambarare wanaweza kupitia hapa haraka. Sisi hapana.

Kwenye mwinuko wa Mbeya maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kikilegea, gari ya huku inachemsha mapema kuliko ya Dar. Weka kipya cha kiwango sahihi (cha Subaru huwa kimeandikwa 1.1), maji ya rejeta yenye dawa yake, siyo ya bombani. Hakikisha feni zote mbili zinawaka. Safisha mapezi ya rejeta. Vumbi la barabara za shamba hukaa humo kama saruji.

Forester ina intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) juu ya injini, inapata upepo kupitia tundu la boneti. Ukisogea, inapooza vizuri. Ukikwama, inageuka pasi ya mkaa. Fikiria unapanda Kitonga nyuma ya lori lililobeba mzigo wa kwenda Zambia, spidi 15, gia ya pili, dakika ishirini. Joto lote la injini linapanda juu, upepo hakuna. Halafu linapatikana tobo, unakanyaga mafuta mpaka chini. Hewa inayoingia silinda sekunde hizo ni ya moto vibaya sana. Na kibaya zaidi, sensa ya joto la hewa kwenye gari hizi iko kabla ya turbo, kwa hiyo kontrolboksi haioni hilo joto. Inadhani mambo ni shwari. Rudia mchezo huo mara chache na utajua kwa nini huko mbele nasisitiza muda wa cheche urudishwe nyuma kidogo. Angalia sponji inayozunguka mdomo wa intakula chini ya boneti: ikiwa imechanika, upepo unapita pembeni.

Breki: pedi zenye nyama, diski zisizo na mikunjo, maji ya breki mapya. Kutoka hapa, kila unakokwenda kuna mteremko mrefu, iwe Mlima Nyoka, Inyala au Kitonga, na gari yenye nguvu zaidi inafika kwenye kona ikiwa na spidi zaidi. Teremka na gia. Sijamaliza kulisema hilo kwa vijana wa kwangu na bado nawakuta chini ya mlima magurudumu yanatoa moshi.

Hatua ya 4: Tafuta uvujaji wa hewa

Ndiyo hatua inayorudisha nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Hozi za miaka ishirini zimekauka. Hewa ikivuja baada ya sensa ya hewa, kontrolboksi imeshaihesabu na imeshamwaga mafuta yake. Matokeo ni moshi mweusi, ulaji mkubwa na uvivu.

1. Nunua kifuniko cha bomba la plastiki la maji kinachobana kwenye mdomo wa kuingilia turbo. Toboa, weka valvu ya tairi isiyo na tyubu.
2. Toa paipu ya hewa baada ya sensa, funga kifuniko chako, kaza kwa klipu.
3. Ziba hozi za kupumulia injini. Usipoziba utajaza upepo ndani ya injini na kusukuma sili za oili nje.
4. Jaza taratibu hadi bar 0.7, usizidi 1.
5. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo: shingo za intakula, valvu ya kupumulia (inayotoa hewa ya turbo ukiachia mafuta), hozi ndogo za vakyumu, chini ya manifoldi. Panapotoa povu ndipo pabovu.

Badilisha klipu zote za bisi zilizolegea. Hozi ya kutoka turbo kwenda intakula ikiwa na ufa hata wa nywele, usiifunge na utepe. Inashika hapa mjini, inaachia ukifika Chimala usiku.

Hatua ya 5: Mafuta

Badilisha filta ya mafuta, kisha pima presha: injini ikiwaka na hozi ya vakyumu ya regyuleta ya presha ya mafuta imechomolewa, isome karibu bar 3. Turbo ikisukuma, presha ya mafuta nayo ipande kwa kiasi kile kile. Isipopanda, pampu imechoka. Pampu iliyochoka ndiyo muuaji mkimya wa injini hizi, maana gari inatembea vizuri kabisa mpaka siku unaihitaji.

Kumbuka pia gari hii Japani iliandikiwa kunywa petroli ya premium, ambayo kiwango chao kinataka oktani (kipimo cha petroli kutojilipukia ovyo) 96 kwenda juu. Tuni yako itafanywa kwa mafuta unayojaza wewe, kwenye sheli unayojaza wewe. Chagua sheli moja inayouza sana, tangi lake halilali, na ibaki hiyo hiyo muda wote wa kazi.

Hatua ya 6: Rekodi kabla ya kugusa chochote

Washa swichi bila kuwasha injini. Soma presha ya hewa na presha ya manifoldi kwenye laptopu. Kwa Mbeya zote mbili zionyeshe 82 au 83. Moja ikisema 95, sensa inadanganya, na kila kitu utakachofanya baada ya hapo kitakuwa uongo.

Halafu rekodi: mizunguko ya injini kwa dakika, mkao wa throto, presha, uwiano wa hewa na mafuta, muda wa cheche, urekebishaji wa kugonga (mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda), joto la maji. Kwa Subaru ongeza namba inayoitwa IAM. Hiyo ni imani ya kontrolboksi juu ya mafuta na injini yako. Ikiwa kamili husoma 1.0, au 16 kwenye kontrolboksi za zamani. Ikiwa imeshuka, gari inagonga sasa hivi kabla hujaongeza chochote. Rudi hatua za nyuma.

Injini iwe ya moto kweli. Asubuhi za Juni na Julai hapa, geji ya maji inafika katikati wakati oili bado ni uji. Endesha taratibu dakika 15 ndipo ukanyage.

Fanya mvuto mmoja, yaani kukanyaga mafuta hadi mwisho, gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,000, kwenye barabara inayopanda kidogo ili injini ibebe mzigo. Dyno (mashine ya kupimia nguvu gari ikiwa imesimama) ikipatikana, itumie. Barabara kuu ya Tanzam haifai: kuna malori, bajaji, mbuzi, na watoto wa shule wanaovuka. Tafuta kipande kinachoonekana mwanzo hadi mwisho, asubuhi mapema, na mkiona mtu kwa mbali, acheni.

Hatua ya 7: Kuandika programu

Weka chaja kwenye betri. Kwenye Subaru za miaka hii unganisha viunganishi vya kijani vilivyo chini ya dashibodi. Soma programu ya kiwandani, ihifadhi, inakili kwenye flashi, jitumie kwa barua pepe. Aliyeacha kufanya hivi hana pa kurudi.

Sasa kazi yenyewe, kwa mpangilio huu na si mwingine:

1. Uwiano wa hewa na mafuta kwanza. Turbo ikisukuma kikamilifu, waidibendi isome kati ya 11.0 na 11.5. Ikisoma 12.5 ukiwa umekanyaga, achia mara moja.

2. Presha baadaye. Programu nyingi za Subaru zina jedwali linalopunguza lengo la presha hewa ya nje ikiwa nyepesi. Kiwanda kilikuwa kinailinda turbo. Utalegeza jedwali hilo kidogo kidogo, siyo kulifuta. Nenda kwa hatua za kPa 4 au 5, mvuto mmoja, soma, rudi. Lengo la juu kwa turbo ya kiwandani ya SG5 Mbeya liwe presha kamili ya 175, yaani geji 0.92 hivi, kwenye mizunguko 3,000 hadi 3,500. Baada ya hapo iteremke yenyewe, ikifika 6,000 geji isome 0.7.

   Kwa nini nisiende zaidi? Gawanya: 175 kwa 82 ni 2.1. Turbo inabana hewa mara mbili na ushee. Pwani presha hiyo hiyo ingekuwa mara 1.7 tu. Ukifika 2.2 acha, hata kama shemeji yako aliyepo Arusha anasema yake iko bar 1.2.

3. Cheche mwisho. Usiongeze. Hewa iliyobanwa zaidi ni ya moto zaidi, kwa hiyo toa nyuzi 1 hadi 2, yaani cheche iwake kwa kuchelewa kidogo, kuanzia mizunguko 3,000 kwenda juu, pale kwenye mzigo mkubwa. Utapoteza nguvu usiyoihisi na utalala usingizi. Pistoni za injini hizi ni za kumimina. Kugonga kidogo kidogo kwa muda mrefu huvunja ukingo ulio katikati ya ringi, na hapo hakuna cha kurekebisha kwa laptopu.

4. Acha ukomo wa kukata mafuta (presha ambayo ikipitwa kontrolboksi inakata mafuta) mahali pake, au uuweke kPa 15 juu ya lengo lako. Usiuondoe.

Niseme kwa nini. Gari yangu ya kwanza niliifungia koki ya presha, ile ya kuzungusha kwa mkono kupandisha presha ya turbo. Nikakaza hadi geji bar 1 hapa Mbeya, ikaenda kama mshale, na kwa kuwa kontrolboksi ilikuwa inakata mafuta ikishtuka, nikatafuta namna ya kuondoa ukomo. Miezi mitatu raha tupu. Desemba nikashuka nayo Dar. Koki haijui mwinuko, inashikilia tofauti tu na hewa ya nje: bar 1 ya Mbeya ni kPa 182, bar 1 ya Chalinze ni zaidi ya 195. Hewa imeongezeka, joto la mchana limeongezeka, petroli ni ile ile. Silinda namba nne ilikwenda kabla sijaiona Kibaha. Nilimaliza safari kwenye basi, na mke wangu hakusema neno mpaka Ubungo, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kusema.

Koki ya presha usifunge. Acha kontrolboksi ishike presha, maana yenyewe ina sensa ya hewa ya nje.

Hatua ya 8: Jaribio la Kyela

Tuni iliyofanyika Mbeya asubuhi ya baridi haijakamilika. Lazima uishushe. Bahati yetu ni kwamba jaribio liko mlangoni: toka Uyole, panda Isyonje, kisha teremka Kiwira, Tukuyu, hadi Kyela. Ndani ya saa chache umetoka kwenye baridi ya koti ukaingia kwenye joto la mpunga, na hewa imetoka 82 hadi 95.

Kabla hujaanza, soma IAM. Ukifika Kyela fanya mivuto miwili, injini ya moto, mchana. Angalia:

- Presha kamili ibaki 175 au ipande kidogo sana. Ikipanda hadi 190, jedwali lako la hewa umelikosea.
- Urekebishaji wa kugonga usizidi nyuzi 1 au 2 za mara moja. Ukijirudia kwenye mizunguko ile ile, toa nyuzi 1 zaidi ya cheche hapo.
- IAM ibaki kamili.

Mvuto wa tatu fanya unaporudi, unapanda kuelekea Tukuyu, intakula ikiwa imeshapata moto. Huo ndio mvuto wa kweli kuliko yote. Ukipita bila kugonga, programu hiyo ndiyo ya kuhifadhi. Nunua na mchele, safari isiende bure.

Baada ya hapo: rekodi tena kila mwezi kwa miezi mitatu, na kila baada ya kujaza mafuta sheli ya ugenini. Ukimaliza kupanda mlima mrefu, endesha taratibu kilometa ya mwisho au iache iungurume dakika moja kabla ya kuzima.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kuanza na sailensa. Ukifungua ekzosi kabla ya kutuni, presha inaweza kupanda yenyewe kuliko westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili presha isizidi) inavyoweza kuachia. Sailensa kubwa ni ya mwisho, na kwa lengo letu si lazima hata kidogo.

Kupakua programu ya mtu wa Marekani au Japani na kuiweka kama ilivyo. Mafuta yake siyo yako, mwinuko wake siyo wako, na mara nyingi hata kontrolboksi ni ya toleo jingine.

Kufunga valvu inayopumulia nje ili isikike "psshh". Subaru inapima hewa kabla ya turbo. Ukiimwaga nje, injini imeshaihesabu. Kelele utazipata, na moshi mweusi pia.

Ikigoma

*Presha inapanda kisha inaanguka.* Hozi inaachia au valvu ya kupumulia inavuja. Rudia hatua ya 4.

*Inakata ghafla kama umezima swichi, halafu inarudi.* Ukomo wa mafuta umefanya kazi yake. Presha imezidi, angalia hozi ya westigeti kama imechomoka.

*Inamisi ukikanyaga tu.* Plagi kwanza, pengo lake. Kisha koili.

*Taa ya cheki injini inamweka-mweka.* Achia mafuta, simama. Inamisi kiasi cha kuua katalisti.

*Moshi wa bluu ukiwasha asubuhi au ukiachia mafuta mteremkoni.* Sili za valvu au turbo. Toa paipu ya hewa, shika shafti ya turbo: ikicheza na kugusa kuta, imekwisha. Ukitoka muda wote unapokanyaga, fikiria ringi.

*Moshi mweupe wenye harufu tamu, maji yanapungua.* Gasketi ya hedi. Usiendelee kujaza maji na kusafiri.

*Inachemsha ikiwa foleni Mafiat, ikitembea inapoa.* Feni.

*Inachemsha ikipanda tu.* Kifuniko, rejeta iliyoziba, au gasketi inayoanza.

*Mbeya iko sawa, Kyela inagonga.* Umetuni kwa geji badala ya presha kamili. Au ulifanya mivuto yote alfajiri.

*Kila kitu kimesoma vizuri, lakini bado nzito.* Inua magurudumu, zungusha kwa mkono. Mwezi uliopita nimeletewa moja ya aina hii, mwenyewe yuko tayari kununua turbo kubwa. Kaliba ya nyuma kushoto ilikuwa imejam.